Ubeti Uko Namba Ngapi?

Kisumu, kuanzia Kondele hadi Dunga, bado kuna watu wenye kaseti za muziki wa benga sandukuni. Akija mgeni akataka ubeti mmoja wa mwanamuziki D. O. Misiani na bendi yake ya Shirati Jazz, kazi inaanza: peleka mbele, rudisha nyuma, umepitiliza. Misiani alifariki kwa ajali hukohuko Kisumu mwaka 2006. Hayupo wa kuulizwa. Redio ya kaseti ina kaunta ya namba tatu, lakini kaunta hiyo haijui saa.

Inachohesabu ni mizunguko ya gurudumu. Utepe hupita kwenye hedi inayousoma kwa mwendo uleule, sentimita 4.76 kwa sekunde. Gurudumu linaloupokea, likiwa tupu, huzunguka mbio. Likishanenepa kwa utepe, hujikokota. Kwa hiyo namba kumi za mwanzoni huisha upesi kuliko kumi za mwishoni. Tena 214 ya redio yako si lazima iwe 214 ya redio ya jirani. Ukisahau kuanzia 000, ndiyo basi.

Watu wa televisheni hawakuvumilia mchezo huo. Mwaka 1967 kampuni ya EECO ya Marekani ilileta dawa: anwani iandikwe ndani ya utepe wenyewe, kila fremu, yaani kila picha moja ya video, na saa, dakika, sekunde na namba yake. Baadaye chama cha wahandisi, SMPTE, kikaufanya msimbo huo kuwa kanuni. Fremu moja hubeba biti 80. Kenya, nchi ya umeme wa hezi 50, ilitumia mfumo wa televisheni wa PAL wa fremu 25 kwa sekunde. Hizo ni biti 2,000 kila sekunde. Ukizisikiliza zinakwaruza masikio. Lakini mashine huzisoma hata utepe ukirudi kinyumenyume, kwani biti 16 kati ya 80 zimepangwa kwa namna isiyotokea kwingine, na mpangilio huo hufichua utepe unaelekea wapi.

Mara nyingi kipindi huanzia 01:00:00:00. Usidhani ni saa moja ya asubuhi, jua likichomoza. Ni anwani tu.

Kaseti ya nyumbani haina msimbo huo. Ukiihamishia kwenye kompyuta, icheze upande mzima bila kuisimamisha, kisha andika ubeti uko dakika ya ngapi na sekunde ya ngapi tangu mwanzo wa faili. Na usisahau kuandika upande: A au B.