Theluji Ikikukuta Njiani, Usishuke

Wiki iliyopita mama mmoja wa Magomeni alinisimamisha kituo cha daladala. Mwanawe anasoma Minnesota, kaskazini mwa Marekani, na sasa amenunua gari. "Mwanangu," akaniuliza, "hiyo theluji ikimkuta njiani, nimwambie afanye nini?"

Nilimjibu: mwambie asishuke, mama.

Alishangaa. Sisi gari likinasa kwenye tope la masika tunashuka, tunakunja suruali, tunaita vijana, tunasukuma. Kwenye dhoruba ya theluji mazoea hayo yanaua. Upepo huipeperusha theluji hata mbele kusionekane, na aliyeliacha gari kwa hatua chache tu huenda asilione tena. Waokoaji nao huona gari upesi kuliko mtu. Kwa hiyo vitu vya dharura vya kuweka garini ni vya kukaa: mablanketi, soksi na glavu za akiba, maji, karanga au biskuti, tochi, chaja ya simu, kitambaa chekundu cha kufunga nje. Waya za kubusti betri pia, maana baridi huidhoofisha. Na tangi lisishuke chini ya nusu.

Kukaa huko kwaweza kuwa kurefu. Januari 2022 theluji ilifunga barabara kuu ya I-95 huko Virginia, na Seneta Tim Kaine, aliyekuwa akielekea Washington, alikaa njiani saa 27. Desemba mwaka huohuo dhoruba iliupiga mji wa Buffalo, jimbo la New York. Magari ya uokoaji yenyewe yalikwama. Watu zaidi ya 40 walikufa, baadhi yao wakakutwa ndani ya magari.

Kifaa ninachokitilia mkazo zaidi ni beleshi, na si kwa sababu ya magurudumu. Theluji ikirundikana nyuma ya gari huziba bomba la moshi. Ukiwasha injini upate joto, moshi hurudi ndani ukiwa na kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoshika damu mahali pa oksijeni. Mtu huumwa kichwa, husinzia, akadhani ni uchovu. Basi kwanza azibue bomba, akishikilia gari lake asipotee. Kisha awashe injini dakika kama 10 kila saa, dirisha moja likiwa wazi kidogo upande usio na upepo, halafu azime. Theluji ikiendelea kuanguka, azibue tena.

Nilimtajia pia mchanga wa kumwaga chini ya magurudumu yanapoteleza. "Mchanga ataupata wapi, na ardhi yote imeganda?" Nikamwambia madukani kule huuzwa mifuko ya chembe za udongo kwa ajili ya choo cha paka, nazo hufaa. Mama alicheka mpaka daladala lake likamwacha.