Paka Wako Akinguruma, Usidhani Kila Saa Ni Raha

Umefika keja umechoka, paka anakurukia mapajani na kuanza ile "prrrr" kama injini ya boda. Mara nyingi hiyo ni raha tu. Watoto wa paka huanza kunguruma wakiwa na siku chache, wakinyonya, ndio mama ajue wako sawa. Kuna pia "mrrp" fupi, mdomo umefungwa. Hiyo ni niaje ya paka.

Lakini manze, paka hunguruma pia akiwa mgonjwa ama ameumia, kujituliza. So cheki mwili. Amelegea, macho nusu, anamaliza omena yake? Yuko fiti. Anajificha chini ya kitanda, omena hataki, na bado ananguruma? Mpeleke kwa daktari wa wanyama leo.