TAUFIK HIDAYAT: BINGWA ALIYENYIMWA KOMBE MOJA

Wazee wetu wa pwani husema mpewa hapokonyeki. Lakini hata huyo mpewa hapewi vyote. Mtazame Taufik Hidayat, mchezaji wa badmintoni wa Indonesia, ambaye maana ya jina lake hata mtoto wa chuoni aijua.

Badmintoni, kwa asiyeijua, huchezwa kwa raketi nyepesi na kimpira chenye manyoya 16 ya bata bukini, ambacho hupigwa juu ya wavu na hakitakiwi kuanguka chini. Huko Indonesia mchezo huu hupendwa kama kandanda kwetu.

Taufik alizaliwa mwaka 1981 huko Bandung. Mwaka 1999, akiwa na miaka 17 tu, alifika fainali ya All England, mashindano makongwe kuliko yote ya mchezo huo. Akashindwa na Peter Gade wa Denmark. Mwaka 2000 akafika fainali tena, akashindwa na Xia Xuanze wa Uchina. Kwa kijana wa umri ule, nani angedhani kuwa mlango umeshafungwa?

Milango mingine ikafunguka. Mwaka 2004, mjini Athens, alimshinda Shon Seung-mo wa Korea Kusini 15-8, 15-7 akatwaa dhahabu ya Olimpiki. Mwaka uliofuata, huko Anaheim, Marekani, alimcharaza Lin Dan wa Uchina 15-3, 15-7 akawa bingwa wa dunia. Dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja katika Michezo ya Asia aliipata mara mbili, 2002 na 2006, na mashindano ya wazi ya kwao Indonesia akayashinda mara sita.

Pigo lake lilikuwa la ajabu. Kimpira kikimjia upande wa kushoto, ambako wengi hujihami tu, yeye aliupa wavu mgongo, akakichapa kwa nyuma ya mkono, kikateremka kama jiwe.

Hata hivyo, kombe la All England hakulipata kamwe. Juni 2013 alistaafu mjini Jakarta, mbele ya watu wake, baada ya kushindwa katika raundi ya kwanza na kijana wa Kihindi, Sai Praneeth. Mchezo haukumtupa: Oktoba 2024 aliteuliwa naibu waziri wa vijana na michezo.

Basi msomaji, ukibisha hodi pahali usifunguliwe, usikae hapo kulia. Taufiki hutoka kwa Mola, na riziki ya mja haikai mlango mmoja.