Pumzi ya Mzazi Katika Siku Arobaini

Katika nyumba zetu, za Mkolani na kwingineko Mwanza, mwanamke aliyejifungua hupumzishwa siku arobaini. Desturi hii ni njema. Lakini kupumzika si kulala bila kujongea. Katika majuma 6 baada ya uzazi damu huganda upesi kuliko kawaida. Donge laweza kufanyika katika mshipa wa mguu, likang'oka, likafika mapafuni na kuziba njia ya damu.

Dalili zake ni mguu mmoja kuvimba na kuuma, kisha kutweta kwa ghafula, kifua kuchoma avutapo pumzi, na moyo kwenda mbio. Pengine hukohoa damu au huzimia. Hapo si wakati wa kumkanda mguu wala wa kungoja kupambazuke. Apelekwe hospitali mara moja.

Huko, kipimo cha kidoleni kikionyesha oksijeni ya damu chini ya 90 kwa 100, hupewa oksijeni kwa mirija ya puani au kwa barakoa. Akizidiwa, mashine humsaidia kupumua. Nayo hutumiwa kwa hadhari, kwani msukumo wake huutaabisha moyo uliokwisha kuelemewa. Hata hivyo, oksijeni hailiondoi donge. Humshikilia mgonjwa tu, wakati dawa ya kuzuia damu kuganda, kama heparini, ikifanya kazi yake.

Basi, enyi wazee wa nyumba, mzazi anywe maji ya kutosha, na akipata nguvu atembee uani kila siku. Na akisema, "Sipati pumzi," asiambiwe avumilie.