Wenye vibanja Bukoba, Muleba wajue masharti ya uzio na miti kabla ya kujenga

UKITOKA Bukoba mjini kuelekea Muleba, kando ya barabara kuna mambo mawili yanayogombea ardhi ile ile. Kuna vibanja vya migomba na kahawa, ambavyo mipaka yake imepandwa milamula tangu enzi za mababu. Kuna pia fremu za maduka, gereji, vituo vya mafuta na nyumba mpya zilizozungushiwa ukuta wa tofali, na mbele ya nyingi kati ya hizo hakuna hata mti mmoja.

Mkulima anayemega sehemu ya kibanja ili ajenge fremu mbili za kupangisha kwa kawaida huwaza tofali, saruji na mabati. Suala la uzio, miti na nafasi ya wazi hulichukulia kuwa ni mapambo ya baadaye, fedha zikibaki. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu mambo hayo huandikwa ndani ya kibali chenyewe.

Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007, iliyochukua nafasi ya sheria ya kikoloni ya mwaka 1956, inakataza mtu yeyote kuendeleza ardhi iliyo ndani ya eneo la mipango bila idhini ya mamlaka ya upangaji. Inakataza pia kuiendeleza kinyume cha masharti yaliyowekwa kwenye idhini hiyo. Neno la kuzingatia hapo ni masharti. Kibali kinaweza kueleza jengo likae umbali gani kutoka mpaka wa jirani, sehemu gani ya kiwanja ibaki bila kujengwa, uzio uwe wa namna gani na miti ipi ibaki. Aliyejenga hadi kwenye bikoni akidai kwamba kiwanja ni chake amevunja sheria sawa na yule aliyejenga bila kibali.

Sheria hiyo haisubiri mji uonekane mji. Eneo likishatangazwa kuwa la mipango, kibanja kilichomo humo huingia kwenye utaratibu huo hata kama bado kina migomba mitupu. Wakazi wa kata za pembezoni mwa Manispaa ya Bukoba, kama Nyanga, Buhembe na Kahororo, wanaishi katikati ya hali hizo mbili: wanalima kama watu wa kijijini na wanajenga kwa taratibu za mjini.

Mulamula na bikoni

Kwa Wahaya, mulamula si ua wa kawaida. Mti huu, ambao ni ndugu wa masale ya Wachaga, hupandwa mpakani kwa sababu hauchipui ovyo, haugombani na migomba na huishi miaka mingi kuliko aliyeupanda. Jina lake linakaribiana na neno la Kihaya la kuamua shauri, na kazi yake ndiyo hiyo. Wazee wa kijiji wakiitwa kusuluhisha ugomvi wa mpaka, kitu cha kwanza wanachokitafuta ni mstari wa milamula.

Mpima ardhi hutafuta kitu kingine. Yeye huweka bikoni za saruji zenye namba, na namba hizo ndizo zinazoingia kwenye ramani na hati. Tatizo huanza pale mwenye kibanja anapofyeka milamula yote ili apate nafasi ya ukuta kabla ardhi haijapimwa. Anakuwa ameua shahidi wa zamani wakati shahidi mpya hajafika. Jirani akija na madai yake, shauri huenda baraza la kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu. Wasipopatana, hatua inayofuata ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambako kuna gharama na siku nyingi za kuacha shamba.

Kwa hiyo ni busara kuacha milamula ikae hadi upimaji ukamilike, na hata baada ya hapo. Ipo sababu nyingine ya fedha. Serikali inapotwaa ardhi kwa ajili ya barabara, soko au stendi, mthamini huhesabu mazao ya kudumu na miti pamoja na majengo. Mkahawa uliong'olewa wiki moja kabla hajafika hauhesabiwi.

Ukuta una hasara zake

Siku hizi ukuta wa tofali umekuwa alama ya kufanikiwa. Hata hivyo, Bukoba ni mji wa mvua nyingi, kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka katika ukanda wa ziwa, na mji wenyewe umekaa kwenye miteremko. Ukuta uliojengwa kukinga mteremko bila matundu ya kupitishia maji hugeuka bwawa. Maji yakizidi, ama huuangusha au huutafuta upenyo kwa jirani wa chini. Mto Kanoni unaopita katikati ya mji hufurika mvua kubwa zinaponyesha, na kila ua uliosakafiwa kwa saruji huuongezea maji ambayo zamani yangenywewa na udongo wa migomba.

Tetemeko la Septemba 10, 2016, lililokuwa na ukubwa wa 5.9, lilionyesha hasara nyingine. Kuta za tofali zilizojengwa bila nguzo wala nondo zilianguka kirahisi, na mkoa ulipoteza watu zaidi ya 15. Ua wa mimea hauui mtu.

Uzio wa mimea nao una hesabu zake. Minyaa huota haraka na hufunga vizuri, lakini utomvu wake mweupe unaweza kupofusha, hivyo haifai penye watoto au mlangoni mwa duka. Michongoma huzuia mifugo na wezi ila hudai kukatiwa kila msimu, na mwenye duka asiye na muda atajikuta imefunika kibao chake. Mikaratusi ipandwe mbali kabisa na kisima, chemchemi na msingi wa nyumba. Kwa kivuli, mgrevilea na mhumula ni miti ambayo mkulima wa Kagera anaifahamu, na baada ya miaka humpa mbao.

Kwa gereji, viwanda vya mbao na wauza vyuma chakavu suala ni zito zaidi, kwa kuwa jirani analazimika kuona, kunusa na kusikia kazi yao. Halmashauri zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo kuhusu usafi, kero na mandhari, lakini Manispaa ya Bukoba inatumia Sheria ya Serikali za Mitaa ya mamlaka za miji, Na. 8 ya mwaka 1982, na Halmashauri ya Wilaya ya Muleba inatumia ile ya mamlaka za wilaya, Na. 7 ya mwaka huo huo. Kila moja ina sheria ndogo zake. Fundi anayehamisha gereji kutoka Rwamishenye kwenda Muleba mjini asidhani kwamba uzio wa mabati uliokubaliwa kule utakubaliwa na huku. Aombe nakala kwa mwanasheria wa halmashauri kabla ya kununua bati la kwanza.

Barabara na ziwa

Makosa yanayogharimu zaidi hutokea kwenye hifadhi ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake ziliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Waliokuwapo kihalali katika eneo lililoongezwa ndio wanaowekewa alama ya X ya kijani, yaani wana haki ya fidia. Wenye X nyekundu hubomoa kwa gharama zao. Ua, mti na bustani navyo ni maendelezo, hivyo anayetaka kupendezesha mbele ya duka lake ndani ya hifadhi aanze kwa TANROADS, au TARURA kwa barabara za wilaya na mitaa.

Kwa walio ufukweni, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani au kingo za mto. Wapo waliokuwa wakiiona mita hizo kuwa ni uonevu mpaka mwaka 2020, Ziwa Victoria lilipopanda na kufikia kiwango cha rekodi ya mwaka 1964. Mwaka 2024 lilipanda zaidi.

Masharti haya yana upande wa kipato pia. Kila mwenye kibali aliyetakiwa kupanda miti na ukoka atavinunua kwa mtu, na kitalu cha miche hakihitaji ardhi kubwa. Vipandikizi vya mulamula hukatwa kibanjani bila gharama. Mbegu za mgrevilea na mhumula zikisiwa miezi kadhaa kabla ya mvua za vuli, miche huwa tayari wakati wajenzi wanamalizia nyumba. Ila wauza miche wengi hupanga viriba vyao kwenye hifadhi ya barabara, mahali ambapo wanaweza kuondolewa wakati wowote bila kulipwa. Kona ya kibanja iliyo nje ya mita 30, yenye kibao kinachosomeka, inatosha kuanzia.

Kabla ya yote, anayetaka kugeuza sebule ya mbele kuwa fremu aende ofisi ya mipango miji na mchoro wa kiwanja unaoonyesha jengo, mpaka, mfereji wa maji na miti iliyopo, aulize pia kama anahitaji kibali cha kubadilisha matumizi. Masharti yatakayotolewa yaandikwe na yagongwe muhuri. Ya mdomo hayamsaidii mtu siku mkaguzi mwingine anapokuja.