Mlango Usio na Tundu la Ufunguo



Mwezi huu tuzungumze jambo linalorudi mara kwa mara kwenye simu za ndugu zetu waliotangulia Marekani, Canada na Australia. Wanasema kwenye maghorofa wanayokaa na viwanda wanavyofanyia kazi, mlango hauna tundu la ufunguo. Unasogeza kadi, taa inawaka kijani, kitu kinalia "ti!", unasukuma unaingia. Wazee wakisikia hivyo wanauliza maswali mawili. Kadi ikipotea, si mwizi ataingia kwangu? Na umeme ukikatika, si tutafungiwa ndani? Wengine wanacheka, eti mzee anaogopa maendeleo. Mimi nasema mzee yuko sawa, maana maswali hayo hayo ndiyo fundi mzuri anaanza nayo kabla hajatoboa ukuta. Na si mambo ya ng'ambo tu. Mabenki, maofisi na mahoteli ya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam yana milango hiyo, na kuna vijana wanaoishi kwa kazi ya kuifunga.

Tuanze na kadi yenyewe. Kadi haifungui mlango. Kazi yake ni kutaja namba, basi. Ndani ya ile plastiki kuna waya mwembamba uliozungushwa kama koili, na chipu ndogo. Betri haina. Kile kifaa cha ukutani kinatoa mawimbi, na kadi ikisogea karibu, sentimita chache tu, inapata nguvu kutoka kwenye mawimbi hayo, inaamka na kutaja namba yake. Kifaa cha ukutani nacho hakijui namba ile ni ya nani. Kinaipeleka kwa waya hadi kwenye bodi iliyofichwa ndani, ambayo mafundi wanaiita kontrola. Huyo sasa ndiye mwenye daftari. Anaangalia: namba hii imo? Inaruhusiwa mlango huu? Inaruhusiwa saa hizi? Yote yakiwa ndiyo, anaachia komeo kwa sekunde chache, halafu mlango unajifunga tena.

Sisi hapa kambini tunalielewa hilo kuliko watu wengi. Siku ya mgao wa chakula, kadi yako peke yake haikupi unga. Lazima orodha ikutambue. Jina likiwa limetoka kwenye orodha, hata kadi iwe safi namna gani, utarudi nyumbani na gunia tupu. Mlango wa kadi ni hivyo hivyo.

Kwa hiyo swali la kwanza limejibika. Ufunguo wa chuma ukipotea, unabadilisha kitasa na kuwachongea watu wote funguo mpya. Kadi ikipotea, msimamizi anafuta namba moja kwenye daftari, na wenzako hawasumbuki. Lakini anafuta akiambiwa! Hapa ndipo familia zetu zinapoumia. Mtu amepoteza kadi ya jengo, anaona aibu, tena anaogopa kutozwa pesa ya kadi mpya, anakaa kimya wiki nzima akipitia nyuma ya jirani. Siku zote hizo kadi yake iko hai mikononi mwa asiyemjua. Mama, baba, ikipotea asubuhi, sema asubuhi hiyo hiyo.

Na msiazimane. Najua kwetu kumnyima ndugu ni vigumu. Ila kontrola inaandika kila kadi iliyopita, mlango gani, tarehe gani, saa ngapi na dakika ngapi. Shemeji akiingia ghala la kiwanda saa nane ya usiku kwa kadi yako, daftari litaandika jina lako. Haliandiki shemeji. Na kitu kikipotea humo, wewe ndiye utakayeulizwa wa kwanza.

Tena kadi si zote sawa. Zile za zamani za kilohezi 125 zinataja namba yake kwa kifaa chochote kitakachouliza, hazijui kuficha. Mtu mwenye kifaa kidogo cha kunakili anaweza kutengeneza pacha wake kwa muda mfupi sana. Zikaja za megahezi 13.56 zenye siri ndani, lakini hata hapo aina moja iliyoenea sana, MIFARE Classic, siri yake ilivunjwa, na mwaka 2008 watafiti wa chuo kikuu cha Nijmegen, Uholanzi, walionyesha jinsi inavyonakiliwa. Kijana akiulizwa na tajiri anunue ipi, asikimbilie ya bei rahisi.

Sasa swali la pili, la umeme. Hili ndilo kubwa zaidi.

Makomeo ni ya namna mbili. Kuna sumaku ya umeme, kipande kimoja kwenye fremu na bati la chuma kwenye mlango. Zile za kawaida zinashika kwa nguvu ya kama kilo 270, huwezi kuvuta kwa mkono. Lakini umeme ukikatika sumaku inakufa, mlango unafunguka. Namna ya pili ni komeo linalobaki limefungwa umeme ukikatika. Hilo linafaa mahali pa kuhifadhi mali, kwa sharti moja: aliye ndani azungushe kitasa kwa mkono na atoke, bila kadi wala umeme.

Sharti hilo lisichukuliwe kama urembo. Machi 2001, katika shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos nchini Kenya, bweni liliwaka moto usiku na wanafunzi 67 wakafa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Tarehe 3 Septemba 1991, mji wa Hamlet, North Carolina, Marekani, kiwanda cha kusindika kuku kiliungua wakafa watu 25, kwa sababu milango ya kutokea ilikuwa imefungwa. Ilielezwa kwamba tajiri alihofia kuibiwa kuku. Hakuna kadi wala kompyuta hapo, ni makufuli tu, lakini kosa ni lile lile: kuulinda mlango dhidi ya anayeingia na kumsahau anayetoka. Ndugu zetu wengi huko Marekani wamepata kazi za kwanza kwenye viwanda vya nyama na kuku. Siku ya kwanza kazini, kabla ya kujua choo kiko wapi, ujue mlango wa kutokea uko wapi na unafunguliwaje.

Kwa vijana mnaojifunza umeme, haya sasa ni yenu. Kontrola iwekwe ndani, upande uliolindwa. Nimesikia watu wanasifu vifaa vya bei nafuu ambavyo kisomea-kadi na kontrola ni kitu kimoja, kinabandikwa nje. Mwizi anafungua kifuniko, anaunganisha nyaya mbili, kaingia. Kwa mlango wa ndani ya ofisi sawa, kwa mlango wa barabarani sishauri. Kisomea-kadi cha kawaida kina nyaya nyekundu na nyeusi za umeme, kijani na nyeupe za kupeleka namba. Soma karatasi ya kifaa, usiamini rangi tu.

Betri ya akiba hesabu mwenyewe. Sumaku ya volti 12 ikila nusu ampea, betri ya ampea-saa 7 itaishikilia saa 14 kwa hesabu ya daftari. Ongeza kontrola na kisomea-kadi, halafu betri ikizeeka, zitakuwa pungufu sana. Na usisahau dayodi kwenye nyaya za sumaku, ule mstari wake utazame upande wa chanya. Koili ikikatiwa umeme inarudisha mshtuko unaounguza swichi ya kontrola. Dayodi ni pesa ndogo mno, kontrola ni mshahara wa mtu.

Swichi ya kutokea nayo isiishie kuiomba kontrola ruhusa. Ikate umeme wa sumaku moja kwa moja, maana kontrola inaweza kuganda kama kompyuta yoyote. King'ora cha moto kama kipo, nacho kikate vile vile.

Ukimaliza kusajili kadi za watu wote, mmoja mmoja kwa jina lake, jaribu hivi. Zima umeme mkuu, uone betri inashika. Kisha chomoa na betri, ukiwa umesimama ndani, taa zimezimwa, na usukume mlango. Usipofunguka kwa mkono wako, kazi haijaisha, hata kama mwenye jengo ameshalipa.

Mwalimu wa kujitolea, darasa la jioni