Fahamu: Kwa nini watoto wanaozungumza Kihispania husema "sabo"

Mtoto wa miaka mitatu huko Madrid au Mexico akiulizwa jambo asilolijua, huenda akajibu "no sabo". Mtu mzima angesema "no sé", yaani sijui. Kosa hilo si dalili ya akili nzito. Ni ushahidi kwamba mtoto ameigundua kanuni.

Katika Kihispania, "comer", kula, huzaa "como", nakula. "Beber", kunywa, huzaa "bebo". Basi kwa nini "saber", kujua, isizae "sabo"? Hesabu ya mtoto ni sahihi. Lugha ndiyo iliyokiuka utaratibu wake. Vivyo hivyo husikika "rompido" badala ya "roto", kilichovunjika, na "ponido" badala ya "puesto", kilichowekwa. Maneno haya mtoto hakufundishwa na mzazi: ameyaunda mwenyewe.

La kushangaza zaidi, watoto wengi huanza kwa kusema sawasawa, kwa kukariri. Makosa huja baadaye, kanuni inapokolea kichwani, kisha hupungua kadiri wanavyozidi kusikia umbo sahihi. Utafiti wa mwanaisimu Harald Clahsen na wenzake, uliochapishwa mwaka 2002, ulionyesha kuwa watoto huvinyoosha vitenzi vilivyopinda, yaani visivyofuata kanuni, lakini hawana tabia ya kuvipinda vilivyonyooka.

Nchini Marekani, vijana wenye asili ya Amerika ya Kilatini wasiomudu Kihispania hudhihakiwa kwa jina hilo hilo, "no sabo". Ni uonevu. Basi nawe mzazi, mwanao akikosea usimcheke. Rudia sentensi yake kwa umbo sahihi, kisha mwendelee kuzungumza.